Mama Avaa Soksi za Kubana

Mama alikuwa akiuza samaki wakavu wa chumvi kutoka Pweto, kwenye soko la Naviundu. Alikaa kwenye kigoda kutwa nzima, na kila mteja alipotilia shaka bidhaa yake, mama alimega kipande akala mbele yake. Lilipokuja joto la kabla ya mvua, miguu yake ikavimba. Asubuhi ilikuwa miguu, jioni mihogo. Viatu vikakataa kuingia. Akaenda misa na kandambili, akisema Yesu naye hakuvaa mokasini.

Jirani yetu muuza mkaa akatangaza kwamba mama amekanyaga dawa ya uchawi iliyotegwa na mshindani wake sokoni. Akamleta pasta wake, bwana mwenye suti ya rangi ya ndizi mbivu. Pasta akabonyeza mguu kwa kidole gumba, kishimo kikabaki.

"Angalieni! Kidole cha shetani!"

Mama akainama kutazama. "Pasta, ile iko kidole yako. Nimekuona."

Jirani hakukata tamaa. Akaleta vidonge vya kukojoza vya shemeji yake. Mama akavimeza, akashinda chooni, na alipotoka akaanguka mlangoni kwa kizunguzungu. Hapo kicheko kikaniisha. Nikampeleka hospitali.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimsikiliza moyo, akampima presha, mkojo na damu. Moyo mzima, figo nzima. Mishipa ya miguu, alisema, imechoka kupandisha damu, basi maji yanavujia chini na kutuama. Kukaa sana kunazidisha, na chumvi pia.

"Mama, samaki ya chumvi unakula?"

"Docteur, niko naiuzisha. Nitakosa kuionja namna gani?"

Akakatazwa vidonge vya watu. Atembee, alale ameinua miguu, avae soksi za kubana asubuhi kabla hajashuka kitandani. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, au pumzi ikikatika, tukimbilie hospitali bila kupitia kwa pasta. La pasta niliongeza mimi.

Soksi zile! Asubuhi ya kwanza nilivuta hadi nikateleza, nikaangukia kitako, naye akanicheka huku kisigino chake kikining'inia nje ya soksi. "Ulizaliwa kwa shida kidogo kuliko hii," alisema.

Wamama wa kanisa walipokuja kumjulia hali walimkuta chali, miguu imeegemea ukuta, kitenge kimeteremka hadi mapajani, chini ya picha ya Bikira Maria.

"Karibuni, bamama. Mukae tu. Docteur ndiye alisema."

Wakakaa, wakasali wakiangalia dari.

Polepole uvimbe ukapungua, ingawa siku za joto kali bado hurudi kidogo. Siku hizi mama hulowesha samaki na kumwaga maji ya chumvi kabla ya kumpika, na wateja wenye shaka huonja wenyewe. Kigoda hakikaliwi sana. Mama huzunguka soko lote kwa amri ya daktari, na hurudi na habari za ndoa za watu ambazo daktari hakuziomba.