Redio ya Mama na Pasi ya Kwaya

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba umeme unafuata kelele. Kinachonguruma ndicho kinachokula. Kilicho kimya kimefunga, hakionji hata tone. Habari hiyo niliipata mnadani Isingiro, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza ndama na ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa na shemeji anayesimamisha nguzo za umeme. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Mtu anayesimamisha nguzo asipoujua umeme, nani mwingine aujue?

Msinicheke haraka. Sisi kwetu Rugu ni watu wa ng'ombe. Marehemu baba alinifundisha kupima afya ya kundi kwa sikio. Asubuhi ukungu ukishuka huoni hata pembe, na pembe za ng'ombe wetu ni ndefu kiasi kwamba ukianza kuanika nguo ncha ya huku, ukifika ncha ya kule za kwanza zimeshakauka. Basi unasimama na kusikiliza. Anayekula unamsikia akivuta majani. Usiyemsikia, huyo hali kitu, na asiyekula anaumwa. Miaka ishirini nilichunga hivyo. Sasa mtu akiniambia kwamba friji inayonguruma dukani inakula, na pasi iliyokaa kimya haili, ningeanzia wapi kubisha?

Umeme ulifika kitongojini kwetu nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni. Nilisoma miaka minne, natoka shambani na tope miguuni, nakaa dawati moja na wazee ambao nadhani waliiona dunia ikiumbwa. Fizikia hatukusoma, maana mwalimu wake hakupatikana. Hilo nyumbani hawakulijua, nami sikulitangaza. Walichojua ni kwamba nina cheti. Kwa hiyo jambo lolote lenye waya likawa langu, na neno langu likawa la mwisho.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mke wangu na mimi. Watoto walishaondoka. Mama alikuwa na redio ya mezani, na masikio yake yalikuwa yanakwisha. Tulimpeleka kwa daktari, akayapima, akatuambia waziwazi kwamba hayatarudi. Yatazidi kupungua mpaka yaishe. "Kilichobaki akitumie," alisema. Mama alichagua kukitumia kwenye redio.

Kipindi chake kilikuwa cha salamu, Jumamosi mchana. Mtangazaji anasoma salamu za watu, anataja vijiji, na kila baada ya muda anasema, "Wazee wetu wote mnaotusikiliza, shikamooni." Mama, akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anajibu, "Marahaba, mwana wange." Anajibu kwa dhati, kama kijana wa watu amesimama uani na kofia mkononi. Wakitaja Nyakakika alikozaliwa, anarudia, "Nyakakika," halafu anatuangalia kuona kama na sisi tumesikia.

Ili asikie vizuri alikuwa anaifungulia mpaka mwisho. Redio inatetemeka mezani, kuku wanahama. Mimi nilipoisikia ilivyokuwa inapiga kelele, nilichokiona kichwani ni fahali mwenye njaa ya wiki mbili aliyeachiwa kwenye shamba la mahindi.

Nikaipunguza.

"Mwana wange, ongeza kidogo," mama akasema.

"Mama, hii ukiiachia ipige kelele inamaliza umeme wa wilaya nzima. Mpaka Nyakakika watakaa giza."

"Nyakakika wana redio zao."

"Na zile ndizo zinazotumaliza sisi."

Alicheka sana. Na mimi nilicheka. Sauti nikaiacha pale pale chini.

Uniti za umeme ziliendelea kuisha upesi, na zilikuwa zinaisha Jumamosi. Kila Jumamosi jioni nikienda kwenye mita nakuta zimeporomoka kama jiwe kisimani. Na Jumamosi ndiyo siku ya salamu. Kwangu mimi kesi ilishakwisha, mshtakiwa yuko mezani anaongea.

Jumamosi ilikuwa na jambo jingine pia. Mke wangu anaimba kwaya kanisani, na majoho ya kwaya lazima yanyooke kwa ajili ya Jumapili. Zamani kila mtu alipiga lake kwa pasi ya mkaa, na jivu likaacha madoa. Tulipopata pasi ya umeme mimi mwenyewe nilisimama baada ya ibada nikawaambia, "Leteni kwetu! Pasi haina mdomo, haili kitu!" Wakaleta. Majoho arobaini, au labda ishirini na mawili, lakini mezani yalionekana arobaini. Wakaleta na sare za watoto, na mashuka ya wageni. Kuanzia saa sita mpaka jua linaelekea kuchwa pasi ilikuwa motoni, na kando yake hita ya kuchemshia maji imezamishwa ndooni, kimya kabisa, ili wanakwaya wapate chai. Mimi nazunguka nikiwakaribisha. Kule kwenye kona redio ya mama inanong'ona, nami naiangalia kwa jicho baya.

Nikachukua kalamu ya wino mwekundu nikachora mstari kwenye kitufe cha sauti. Nikamwonyesha mama: mwisho hapa. Mama hakubishana. Alikulia kwenye malisho, ambako ng'ombe akivuka mpaka ni kesi ya koo mbili. Mpaka ukishawekwa, yeye hauvuki. Nikiwa shambani, nikiwa mnadani, nikiwa sipo kabisa, hakuuvuka hata siku moja. Mke wangu ndiye aliyeniambia hivyo baadaye.

Mke wangu alijaribu kunisemesha mara moja, tukiwa jikoni tunamenya ndizi.

"Baba watoto, umemwona mama? Ameiinamia redio kama anainusa."

"Anasikiliza."

"Anasikiliza nini? Mimi mwenye masikio mazima nikikaa hapo sisikii kitu. Muongezee, jamani."

"Wewe unataka tuwashe koroboi?"

"Mimi nataka mama asikie."

"Fizikia hujasoma," nikamwambia. Akaendelea kumenya ndizi.

Mabadiliko ya mama niliyaona, sitasema sikuyaona. Kwanza alianza kuchelewa kuitikia. Shikamoo inasemwa, wimbo unaanza, katikati ya wimbo ndipo anasema marahaba. Baadaye akawa anaitikia pasipostahili. Siku moja lilisomwa tangazo la dawa ya kupe, akaliitikia marahaba, na wanakwaya wakacheka mpaka joho moja likaungua. Nami nilicheka. Kisa kilikuwa kizuri, nikakipeleka mpaka mnadani. Halafu akaacha kuitikia.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kunywesha ndama nikakuta nyumba imetulia. Uniti zimekwisha. Pasi imepoa juu ya joho, wanawake wametoka nje kusubiri. Mama yuko kwenye kiti chake, ameegemea redio, shavu mkononi, uso wake ni ule ule wa kila Jumamosi. Redio ilikuwa imezimika. Sijui ilikuwa imezimika kwa muda gani. Yeye hakujua kama imezimika.

Niliingiza uniti. Redio ikawaka. Kwa mara ya kwanza nikazungusha kitufe kupita mstari mwekundu, mpaka kikagoma. Kuku walikimbia. Mama aliona mkono wangu, akanitazama usoni, akauweka mkono wake juu ya redio, akausikiliza mtetemo kwa kiganja kwa muda. Kisha akatikisa kichwa.

"Iache tu," alisema. "Imekwisha."

Nilidhani nitahisi kitu. Nilisimama pale kama mtu aliyeng'olewa jino, sindano ya ganzi bado inafanya kazi. Unajua pana shimo, ulimi unaligusa, haliumi. Nikaipunguza. Nikaenda kuwaambia wanawake umeme umerudi.

Wiki chache baadaye soketi ya pasi iliyeyuka. Ilitoa moshi, ikawa nyeusi, ikanuka nyumba nzima. Mke wangu akamwita fundi kutoka Kayanga, binti aliyesomea chuo cha ufundi, ana mkanda wa bisibisi kiunoni. Alimwamkia mama kwanza, akapiga goti kidogo kama inavyopasa. Mama alitabasamu tu. Binti akarudia kwa sauti, "Shikamoo, bibi!" Mke wangu akamgusa bega, akampa ishara kwamba hasikii.

Alipomaliza soketi akaigeuza pasi, akasoma kibandiko chake.

"Wati elfu moja," akasema. "Baba, mnapiga pasi saa ngapi kwa wiki?"

"Mchana mzima wa Jumamosi. Lakini hiyo haina shida, haipigi kelele."

Alinitazama kuona kama namtania. Akaichukua hita. "Hii elfu moja na mia tano. Kitu chochote kinachopasha moto ndicho kinachokula, baba. Friji inanguruma, lakini inapumzika, na haifikii hii. Kelele siyo hoja."

"Na redio?" nikauliza.

Aliiinua, akaigeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba.

"Wati kumi."

"Ikiwa chini?"

"Ikiwa juu kabisa. Ikiwa chini inapungua kidogo, kitu ambacho kwenye mita huwezi kukiona."

"Kwa hiyo pasi..."

"Pasi saa moja ni sawa na redio hii saa mia moja," alisema, akiirudisha mezani. "Mngeweza kuifungulia mpaka mwisho kila siku."