Paka Huoga kwa Ulimi

Kwenye duka la dawa za mifugo pale Tegeta, bibi mmoja aliirudisha chupa ya dawa ya viroboto kwa muuzaji.

"Hii ya mbwa, mwanangu. Mie nina paka."

"Viroboto ni walewale, bibi. Mpake kidogo tu."

Bibi akajilamba mgongo wa mkono mbele yetu sote, taratibu, kama paka.

"Paka huoga kwa ulimi. Nikimpaka sumu, si nimemlisha?"

Muuzaji akairudisha chupa kabatini.

Nikamkumbuka mama, nyumbani Keko, jioni mkekani: paka mapajani, kitana mkononi, pembeni bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia viroboto. Siku hizi dawa zimejaa tele madukani. Nafasi ya kumpakata paka jioni nzima ndiyo haiuzwi.