Mama Hawezi Tena Kusema, na Siri Yake Ninayo Mimi

Admin nifiche tafadhali, ndugu zangu wanasoma humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nauza mchele hapa Iyunga, kwetu Rujewa. Wanaonijua wanasema mdomo wangu hauna mlango, na ni kweli. Sijui kwa nini Mama alinichagua mimi nimtunzie siri.

Mwaka jana alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Akaniapisha. "Kaka zako wasijue. Wanangu wa kiume wakae kikao kuongelea maungo yangu? Bora nife." Kwetu Wasukuma mama hatajwi hivyo mbele ya wanawe, nikaapa. Mwingine aliyejua ni mama mdogo, mke mwenzake, ndiye aliyekuwa akimfulia vitambaa vya damu. Tangu Baba afariki wanaishi mji mmoja, ua mmoja, kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa Mama kapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala na sauti imekata. Tuko naye hospitali hapa Mbeya. Daktari aliniita pembeni akaniambia saratani huifanya damu igande ovyo, na bonge la damu ndilo limeziba mshipa wa kichwani. Wanamchoma sindano za kuzuia lingine, ila sindano hizo zinaweza kuamsha damu kule kwenye uvimbe, hivyo lazima wamwangalie kwa karibu. "Msimtoe hapa," alisema.

Kaka zangu hawajui hayo. Wanachojua ni kwamba Mama alikula ugali kwa mama mdogo, asubuhi akaanguka. Kaka mkubwa kashaamua: "Huyu katupiwa kitu. Jumamosi tunampeleka kwa mtaalamu Chunya, na yule mama ahame mji wetu." Nikiwaambia daktari kakataza, wanasema ugonjwa huu si wa hospitali.

Mama mdogo kanipigia analia. "Mwanangu, na mimi niliapa. Sitasema. Lakini kwa uzee huu nitaenda wapi?" Roho inaniuma jamani.

Jana nikamwinamia Mama sikioni: "Mama, niwaambie?" Akanitazama, machozi yakamtoka. Kisha kaka akaingia wodini, na Mama kwa ule mkono mzima akavuta shuka, akajifunika miguu vizuri.

Nikisema, ni kama namvua nguo mama yangu mbele ya wanawe. Nikinyamaza, wanamtoa Jumamosi. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nimuulize Mama. Nimeshamuuliza.