Rafu ya Makali, Rafu ya Tamu

Mwanamke aliyenivunja taya alikuwa mteja wangu. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakiona kovu langu huuliza kama ni mume, na mimi sijawahi kuolewa.

Nilikuwa nauza katika duka la pombe pale Bahati, karibu na steji ya matatu. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi wa Nakuru mjini, mtu wa maneno machache, aliyekuja Jumatatu na Alhamisi kuangalia stoo. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya rafu mbili. Ya kushoto ilikuwa na vodka, jini, rami, wiski na brandi.

"Hizi ni makali," akasema. "Unachukua nafaka, ama molasi, ama zabibu, unaacha ichache. Halafu unachemsha, unashika ule mvuke. Sukari hakuna hapo. Imebaki moto peke yake."

Akahamia ya kulia, kwenye chupa nene za rangi ya maziwa, ya kahawa, ya machungwa. "Hizi zinaitwa likyua. Ni makali hayo hayo, lakini mtu ameongeza sukari, malai, matunda, mitishamba. Mteja akikwambia hii si pombe, usibishane naye. Lakini wewe ujue."

Wateja hawakujua neno likyua. Walisema tu tamu.

Mama huyu aliuza mboga ng'ambo ya barabara na alikuwa mtu mkubwa kanisani. Kila Jumamosi saa nane, steji ikiwa imetulia, aliingia na kiondo akaniomba "ile dawa ya kifua". Nilimfungia chupa moja ya ile tamu ya malai kwa gazeti, naye akaifunika kwa sukuma wiki. Mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye alinunua vodka kila asubuhi, kwota moja, ile chupa ndogo ya robo, na nusu yake ilikuwa imeshaisha kabla hajafika mlangoni. Mama hakumtaja kijana mbele yangu, wala kijana hakumtaja mama.

Jumanne moja kijana alinunua mzinga mzima, ile chupa kubwa. Nilimuuzia huku namwona mikono inamtetemeka. Kufikia saa kumi habari zilikuwa zimefika dukani: mama alikuwa ameimwaga ile chupa chooni, na kijana akamburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi uani, akampiga kwa mpini wa jembe mpaka mpini ukavunjika. Mkono wa mama nao ulivunjika. Majirani walimshika kijana, wakampiga wao pia, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya stima, na mmoja akaenda kutafuta petroli. Mama mwenyewe, mkono unaning'inia, ndiye aliyepiga magoti akawasihi wamwache.

Wiki tatu baadaye aliingia dukani na plasta hadi kwenye kiwiko. Haikuwa Jumamosi.

"Kijana wangu anakunywa gani?"

Nikamwonyesha.

"Na yangu?"

"Yako iko upande huu, mathe. Ni tamu tu."

"Tofauti ni gani? Niambie ukweli, msichana wangu."

Ningeweza kumdanganya. "Tofauti ni sukari na malai," nikasema. "Na nguvu. Yake ni arobaini kwa mia, yako ni kumi na saba. Lakini ndani ya yako wameweka kitu kama hiyo yake."

Alitazama zile chupa. "Kwa hivyo mimi na yeye tunakunywa kitu kimoja."

Akatoka bila kununua, na sikumwona tena mpaka ile Ijumaa.

Juma hilo kijana mmoja wa mtaa alikuwa amekufa na wawili wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyopikwa kwenye nyumba fulani ya siri. Siku ya mazishi wanawake hawakurudi nyumbani. Walitoka makaburini na majembe na mawe, wakavunja nyumba tatu za wapikaji, na saa saba mchana niliwasikia wakija kwetu wakiimba wimbo wa kanisa. Sikukimbia. Leseni yetu ilikuwa ukutani. Nilidhani karatasi itanilinda.

Waling'oa geti la chuma kana kwamba ni pazia. Chupa ya kwanza ilipasuka juu ya kichwa changu, vioo vikaniingia shingoni.

"Duka hili ni halali!" nikapiga kelele.

"Halali ya nani?" mmoja akanijibu, na jembe lake likapita kwenye rafu ya kushoto, wiski, rami, jini, zote chini. Wengine walinisukuma kwa mateke hadi upande wa pili. Mama mmoja mzee, mpole kuliko wenzake, alizuia mkono wa jirani yake akaniuliza, "Na hizi za maziwa? Hizi nazo zinaua?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Ndipo nikaona macho ya mteja wangu. Plasta ilikuwa imeshatolewa. Mkononi alikuwa na jiwe lililofungwa kwenye leso, na alilizungusha kabla sijatoa neno. Nilisikia taya likilia, *ka*, kama kuni kavu. Nikaanguka.

Nikiwa sakafuni niliona makali yakikimbia kwa wepesi kama maji, na zile tamu zikitambaa polepole kama uji hadi zikanilowesha nguo. Kisha mtu akawasha kiberiti. Moto wa pombe mchana hauonekani vizuri, ni ubuluu mwembamba tu, lakini niliona kaunta ikijikunja. Ulikuja mbio hadi kwenye dimbwi la malai nililolalia, ukafanya *chhh*, ukasita. Ulinichoma mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, basi. Ningeangukia upande wa makali, nisingekuwa naandika haya.

Wanawake walitawanyika. Aliyeingia badala yao alikuwa yule kijana. Hakuniangalia. Alianza kuokota chupa nzima nzima, akizitia ndani ya ovaroli, akicheka. Mama yake alimfuata, akamshika kola.

"Toka! Utaungua!"

Akampiga mama chupa ya uso. Damu ikaruka hadi ukutani. Akageuka kukimbia, akateleza, na chupa alizozikumbatia zikapasukia kifuani mwake katikati ya moto.

Sauti ile sitaieleza. Mama aliinuka, damu machoni, akamrukia akimpigapiga moto kwa viganja vitupu. Nilitambaa hadi stoo, nikachovya gunia kwenye ndoo ya maji, nikawarushia. Tulimtoa kwa mlango wa nyuma, mimi nikivuta mguu mmoja, yeye mwingine.

Hospitalini nilifungwa waya mdomoni. Polisi alinipa karatasi niandike ni nani aliyenipiga. Niliandika: Sikumwona. Haikuwa huruma. Nilijua ni nani aliyemuuzia kijana ule mzinga.

Mama alikuja kitandani kwangu siku ya tatu, mikono yake mabonge ya bandeji, uso umeshonwa.

"Nilidhani utawaambia ni zangu," akasema. "Zile za maziwa. Mbele ya kina mama wa kanisa."

Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. *Nilitaka kuwaambia zina pombe kidogo.* Nikamwonyesha. Akasoma polepole, midomo ikitembea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka nesi alipomwita.

Kijana aliishi siku tisa.

Nilienda kumzika, shingo imejaa nyuzi. Wanawake walewale walikuwa pale kwenye mabenchi, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Yule mama mzee mpole alisogea akanipa nafasi. Mwenye duka alikuja pia, akasimama mbali na kofia mkononi, akaondoka kabla ya maombi kuisha.

Wakati wa kutupa udongo ulipofika, mama alisimama ukingoni mwa kaburi na kutazama bandeji zake. Hangeweza kushika chochote. Akageuka, akawapita binti zake wawili, akaja hadi nilipokaa.

"Nitupie," akaniambia.

Nikainuka, nikaokota udongo, nikatupa mara tatu.