Sabufa Ilisema Mtoto Ana Minyoo

Admin, jina langu usilitoe. Naishi Kibamba, nimeitaja kwa sababu ni kubwa, hawatanijua. Nina miaka 26, nimeolewa, tuna binti wa mwaka mmoja na ushee. Mume wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Nyumba bado tunaimalizia taratibu, na kuna chumba cha nyuma amekipiga kufuli, anasema kahifadhi simenti na marumaru. Sikuwahi kumhoji, mie si mtu wa kupekua.

Binti yangu anaharisha tangu mwezi uliopita. Anapata nafuu, anarudia. Hospitali daktari alituuliza nyumbani tunafuga nini. Baba yake akawahi kujibu, "Hata kuku hatuna, daktari." Na mie nikaitikia, maana ndivyo nilivyojua.

Sasa Jumapili mume wangu yuko bafuni na simu yake, kasahau imeunganishwa na sabufa ya sebuleni. Mie nakuna nazi, nasikia sauti ya mwanamke imejaa nyumba nzima: "Kaka, majibu ya choo cha mtoto yametoka. Bado ana minyoo, na vile vimelea vingine vimeongezeka. Endelea kumuogesha maji ya uvuguvugu, ila awe na beseni lake."

Jamani! Mtoto yupi? Choo cha wetu nilikipeleka maabara mwenyewe. Nikajua tayari, kazaa nje. Alivyotoka na mapovu mwilini nikamwambia, "Leo utanipeleka kwa huyo mtoto wako nikamsalimie."

Hakubisha. Akachukua ufunguo, akafungua chumba cha nyuma. Simenti hamna. Kuna mjusi wa kigeni, mkubwa, anapita urefu wa mkono wangu, macho yamezama, mifupa ya kiuno imechomoza. Kaletewa na baharia mmoja kutoka nje, kibali cha kumfuga hana. Yule mwanamke ni daktari wa mifugo. Mume wangu humwita mjusi wake "mtoto", na daktari naye kazoea hivyo hivyo.

Nilitaka kucheka. Halafu nikaona mjusi kalalia nini. Beseni la pinki, nililoletewa na mama siku ya arobaini. Asubuhi ile ile nimemuogeshea mwanangu humo.

"Huwa nalisuuza," akasema.

Admin, nilimpiga kwa lile beseni, na sijutii.

Sijui kama ugonjwa wa mwanangu umetoka humo. Wa kujua ni daktari wake, lakini atajuaje akidanganywa? Mume wangu analia, anasema nikifungua mdomo atafukuzwa kazi na atafungwa, nani atatulisha. Na nampenda, hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mume mbaya nisingewaandikia.

Kesho tunarudi hospitali. Ameshaomba ruhusa kazini ili twende wote, na ameshanielekeza: tukiulizwa, jibu ni lile lile la kuku. Nyie mliowahi kuwekwa katikati ya mume na mtoto, nisemesheni kabla sijaingia mle ndani. Daktari akiacha kumtazama yeye akanigeukia mie, nimjibu nini?