Lafudhi ya Kuuzia Pamba

Juzi nyumbani, nilipokata simu iliyotoka ofisini, binti yangu aliniuliza, "Baba, hiyo sauti uliyokuwa ukiongea nayo ni ya nani?" Nikasikia upya harufu ya pamba na dizeli.

Nilipokuwa mtoto, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja kijijini kwetu Sapiwi na malori yao, baba alizungumza na mmoja wao kwa lafudhi laini ya pwani. Mimi nilikuwa nimemsikia mganga tu akibadilika sauti vile. Nikajificha nyuma ya gunia.

"Mayu," nilimnong'oneza mama, "baba amepandisha mizimu?"

"Nyamaza. Wakimwona mshamba watatupunja kwenye mzani."

Jioni baba aliwaita ng'ombe wake kwa Kisukuma, sauti yake ikarudi. Mimi huku mjini sina ng'ombe wa kuwaita.