Masikio ya Mama Kibao

Wageni walidhani anaitwa Mama Kibao kwa kuzaba watu makofi. Wapi! Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kinanda cha mabomba cha kanisa kuu, kubonyeza kibao kimoja na kukishikilia, huku mumewe, fundi wa kinanda, akiwa ndani kwenye msitu wa mabomba akirekebisha sauti. Fundi akiita "Kingine," anahamia cha pili. Tangu aolewe ndiyo kazi yake, na hajawahi kupiga hata wimbo mmoja.

Kinanda kilikuwa kikongwe kuliko muumini yeyote. Paa lilivuja, ngozi za mivukuto ya kupulizia hewa zikaoza, panya wakazaliana humo, mpaka kikabaki kukoroma tu. Ndipo paroko akaamua kifumuliwe na kuundwa upya. Mabomba makubwa yakalazwa juu ya mabenchi kama wagonjwa, madogo yasiyozidi kalamu yakatiwa masandukuni. Mama Kibao aliyafuta vumbi bila kunung'unika, maana moyoni alishafunga safari. Binti yake alikuwa amejifungua, mbali, na alimtaka mama akaishi naye.

"Kinanda kikisimama, naondoka," alimwambia mumewe. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Kikasimama. Wakaanza kurekebisha sauti. Walipofika kwenye mabomba madogo, Mama Kibao akabonyeza kibao cha mwisho. Sauti ikatoka nyembamba, ya kuchoma masikio, imepinda waziwazi.

"Safi. Kingine," fundi akasema kutoka ndani.

Akadhani mzaha. Akabonyeza cha jirani, nacho kibovu vile vile. Safi, akaambiwa. Akainuka, akajipenyeza kwa kimlango cha ubavuni mwa kinanda, akamkuta mumewe amechuchumaa.

"Baba watoto, husikii."

Fundi hakugeuka. "Sauti hizi nyembamba zimenipotea siku nyingi."

"Sasa ulikuwa unazirekebishaje?"

"Pale mbele palikuwa na upenyo, nilikuwa nakuona. Sauti ikikaa sawa, mabega yako yanashuka. Sasa wamepaziba kwa ubao mpya."

Mama Kibao akautazama ule ubao mpya. Kumbe miaka yote ile alikuwa akifanya kazi ya watu wawili, na yeye hana habari. Hewa humo ndani ilikuwa nzito kwa harufu ya gundi. Akatamani kutoka, lakini akabaki amesimama. Wakaelewana agonge ubao: mara moja sauti ipande, mara mbili ishuke.

Siku ya kubariki kinanda, paroko alitangaza kwamba fundi atakitunza maisha yake yote. Kanisa likalipuka kwa makofi. Mama Kibao naye akapiga makofi.

Binti alipopiga simu kuuliza lini anakuja, alimweleza yote kuhusu masikio ya baba yake, akamsihi asimwambie mtu.

"Basi mimi mwenyewe nitamleta mtoto, umwone," binti akasema.

"Mlete, mwanangu," akajibu, akakata simu upesi. Fundi alikuwa anamwita juu, kwenye kinanda.